Nguzo Yenye Homa

"Nguzo hii ina homa."

Ndivyo alivyosema Sikio asubuhi ile, kiganja kimebandikwa kwenye zege, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

"Basi ifunike blanketi, shemeji," alisema mnyapara. "Na uikalie kitako kuibembeleza."

Mimi siwalaumu waliocheka. Mvua ilikuwa imepiga tangu jana yake, kila kitu pale kiwandani kilikuwa na ubaridi wa kuingia kwenye meno, halafu mtu mzima mwenye wajukuu anakuambia zege lina homa. Ungecheka hata wewe. Ila Sikio hakupewa jina hilo bure. Kazi yake ilikuwa kugonga zege kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Zege zima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Zege lililoachana na nondo zake, kwa sababu nondo zimeota kutu ndani na kuvimba, hujibu kama mlango wa chumba kitupu. Alikuwa akigonga huku amefumba macho, akichora duara kwa chaki, na walipovunja ndani ya duara lake hawakukosa kutu hata siku moja.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha chumvi. Katikati yake kulikuwa na sanduku la zege kubwa kama nyumba ya ghorofa mbili, limejaa chumvi mpaka juu, limebebwa na nguzo nne. Chini ya sanduku hilo ndipo watu walipofanya kazi kutwa nzima: wanafungua mdomo wa chuma, chumvi inamiminika kwenye magunia, mama mmoja anashona midomo ya magunia, wapakiaji wanapandisha kwenye malori. Sasa chumvi na nondo hazipikiki chungu kimoja. Vumbi la chumvi lilikuwa limepenya kwenye zege miaka nenda rudi, na nguzo zilikuwa zimeanza kumenyuka. Ndiyo maana genge la mnyapara liliitwa kuzikarabati. Tatu zilikuwa zimekwisha. Ilibaki ya kona, hiyo yenye homa.

Mke wa Sikio alikuwa humo humo kwenye genge. Walimwita Kiraka, maana yeye ndiye aliyekuwa akiziba. Wanaume wakishavunja, wakasugua nondo na kuzipaka dawa, yeye huja na mwiko wake na saruji ya viraka, na akipita mahali, kesho yake huwezi kuonyesha shimo lilikuwa wapi. Mnyapara alikuwa kaka yake wa kuzaliwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani, ukimgusa mmoja umewagusa wote.

Kiraka aliweka mwiko chini, akabandika kiganja chake karibu na cha mumewe. Akakiondoa upesi.

"Ni kweli," alisema. "Kama paji la uso la mtoto mgonjwa."

"Haya, na wewe tena," mnyapara akasema. "Mume na mke lugha moja. Shemeji, ondoa huo mguu wako hapo, usije ukaambukizana na nguzo."

Wakacheka tena, Sikio naye akacheka. Zamani aliwahi kuanguka na jukwaa, paja likavunjika, na hospitalini wakamtia chuma kirefu ndani ya mfupa. Tangu hapo shemeji yake hakuacha kumtania kwamba yeye ni nguzo yenye nondo moja. Akafumba macho, akagonga. Akachora duara. Duara lilianza usawa wa kifua chake, likashuka, likafika sakafuni na chaki haikuwa na pa kufungia.

Wakavunja.

Kutu ya kawaida ni kavu, inabanduka kama maganda ya mti. Hii ilikuwa na majimaji. Ilikuwa nyekundu, na ilipofunuliwa ilitoa harufu ya pua iliyotoka damu, nzito, ya vuguvugu, mpaka vijana wa tindo wakageuza nyuso. Halafu nondo zenyewe. Tunasema kutu hula chuma, ni maneno tu ya kusemea. Hizi zilikuwa zimeliwa kweli. Zilikuwa nyembamba katikati, na penye wembamba kulikuwa na alama, moja pembeni ya nyingine, kama alama za meno kwenye kipande cha muwa.

"Ni asidi," alisema mnyapara, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Waliposimamisha nyundo ili wanywe maji, ndipo waliposikia. Ilitoka chini, penye msingi, sauti ndogo isiyo na haraka. Kr. Kr. Kr. Sauti ya mtu anayetafuna kitu kigumu akiwa peke yake na hana wasiwasi kwamba chakula kitaisha.

Mmoja alianza kupiga mluzi, akaacha.

Hapa niseme jambo moja la kazi hii, maana bila hilo hutaelewa walikosea wapi. Mkarabati wa zege hufuata kutu. Unavunja, unavunja, mpaka uone chuma kisafi, kisha unaongeza kiganja kizima mbele, ndipo unasimama. Ukiziba wakati kutu bado imo, hujatengeneza kitu. Kiraka chako kitabaki kizima, lakini chuma kilicho pembeni yake ndicho kitakacholiwa, tena kwa kasi kuliko mwanzo. Kutu ukiibana haifi, inahamia kwa jirani. Hili kila mmoja wao alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kwake.

Sasa kutu ya nguzo ya kona ilishuka chini ya sakafu. Kuifuata kulitaka kuchimba msingi, na kuchimba msingi kulitaka kusimamisha upakiaji. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Meneja akatuma mtu, akatuma wa pili, mara ya tatu akaja mwenyewe. Mnyapara akakuna kichwa.

"Tunafungia hapa."

"Kutu haijaisha," alisema Sikio.

"Itaisha."

"Kutu haiishi kwa kuambiwa, shemeji."

"Unataka nikamwambie nini meneja? Kwamba kuna mtu anatafuna huko chini? Kiraka, sema neno, mumeo ananitia aibu."

Kiraka alijua jibu la haki. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti, na jambo moja tu alilolitaka duniani wakati ule lilikuwa asiisikie tena. Aliogopa. Alitaka zege, saruji, kitu chochote kinene kikae kati yake na ile sauti.

"Kaka kasema tufunge," akasema. "Tufunge, twende zetu."

Wakaongeza nondo mpya, wakapaka dawa, Kiraka akaanza kuziba kutoka juu kwenda chini. Sikio alisimama nyuma yake na ndoo ya saruji, paja lake limeegemea nguzo. Kadiri shimo lilivyopungua ndivyo utafunaji ulivyofifia. Lilipobaki tundu la kuingiza ngumi, ukakoma. Kiraka aliinua mwiko, na kutoka kwenye tundu lile ikatoka pumzi, ndefu, ya moto, ikampiga kwenye kifundo cha mkono, kama mtu aliyekuwa amelala na sasa ameamka na kugundua kwamba mlango unafungwa.

Akaziba. Akakandamiza kwa nguvu zake zote.

Nyuma yake ndoo ikaanguka. Sikio alikuwa chini, ameshika paja kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Kuna kitu kimeniuma," alisema.

Walimkunja suruali, wakatazama. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

Sikio na Kiraka walikaa nyumba ya vyumba viwili, yenye dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Kesho yake asubuhi Kiraka aliona doa la kahawia kwenye shuka, penye paja la mumewe. Akafua. Halikutoka. Siku iliyofuata lilikuwa kubwa zaidi, na chumba kilikuwa kimeanza kunuka ile harufu, akifungua dirisha inaongezeka. Sikio hakulalamika. Alikaa kitandani mchana kutwa, mguu ameunyoosha juu ya mto, na mkewe akimwuliza jambo alijibu kwa sauti ya chini sana, kama mtu mwenye mtoto mchanga pajani.

"Mbona unanong'ona?"

"Nikisema kwa sauti linaacha kidogo, halafu linaanza kwa hasira."

"Nini?"

Sikio alimvuta mkewe karibu. Kisha akafunua shuka.

Ilikuwa saa ya jua kuzama, watoto wa jirani wakicheza nje, redio ya mtu ikisoma matokeo ya mpira. Kiraka alipiga magoti, akaweka sikio juu ya paja la mume wake, paja alilolijua kuliko mwiko wake, ngozi ikiwa ya moto na laini, na mwanzoni hakusikia ila mapigo ya damu, akashusha pumzi, akataka kusema hakuna kitu, baba, ni uchovu tu, na hapo ndipo alipolisikia, chini ya damu, ndani ya mfupa, kr, kr, kr, polepole, bila wasiwasi, na alipobana pumzi asikilize vizuri likanyamaza, likanyamaza kabisa, na akaelewa, nywele zikimsimama, kwamba upande wa pili wa ngozi ile kuna kitu nacho kimeweka sikio.

"Umesikia?" Sikio alinong'ona.

"Nimesikia."

"Usilie, mke wangu. Ukilia litajua uko hapa."

Hospitali walikwenda, usidhani watu hawa walikuwa wajinga. Walimpiga picha. Daktari aliishikilia picha kwenye taa kwa muda mrefu, akaipeleka kwa mwenzake, akarudi nayo. Chuma kilikuwa kimelika katikati kama kipande cha sabuni. Akasema chuma cha aina ile hakioti kutu, hakijawahi kuota, na alisema kwa ukali kana kwamba wao ndio waliokiotesha. Akasema huenda wakalazimika kukitoa, na mfupa ule bila chuma hauwezi kubeba mtu, kwa hiyo wajiandae, inaweza kuwa mguu wote. Warudi wiki ijayo.

Mnyapara ndiye aliyewapeleka kwa mganga. Alikuja jioni, hakutania, hakuweza hata kumtazama shemeji yake usoni.

Mganga alikuwa mama mshonaji wa nguo. Usitazamie ngozi za wanyama wala moshi. Alikuwa na chumba chenye cherehani mbili, kanga za wateja zimekunjwa kwenye kabati la kioo, na mdomoni ameng'ata pini. Aliwasikiliza huku anamalizia pindo. Kisha akatema pini kiganjani, akachagua sindano mpya kwenye karatasi yake, inang'aa, akailaza juu ya paja la Sikio.

"Msiiguse," alisema.

Wakatazama. Kwanza ncha ikapoteza mng'ao. Halafu kahawia ikatambaa kutoka kwenye ncha kwenda tunduni, mbele ya macho yao, na mganga alipoipuliza, sindano ikaruka kama majivu.

"Nani aliwaambia mzibe?"

Mnyapara akainamisha kichwa.

"Lilikuwepo pale kabla ya kiwanda," alisema. "Wajenzi walilimwagia zege juu yake, likakosa njia, likaanza kula kilichokuwepo. Lingekula taratibu, miaka mingi. Nyinyi mmelifungia mlango na chakula kiko karibu. Likahamia kwa jirani."

"Wakimkata mguu?" aliuliza mnyapara.

"Wakate. Hospitali ile imesimama juu ya nini? Si nguzo? Ndani ya nguzo kuna nini? Juu wamelala wazazi na watoto wachanga. Fikiri, baba. Kila nyumba katika mji huu ni nyama na mifupa, na mifupa yake ni chuma."

Kiraka alikuwa ameshika mkono wa mumewe. "Tufanye nini, mama?"

"Njia ni mbili. Ya kwanza, kafungueni pale mlipoziba. Nondo zikiwa wazi, litasikia harufu yake na litarudi. Mguu utapona."

"Twende," alisema Kiraka. Alikuwa ameshasimama. "Twende sasa hivi, nyundo ninayo."

"Halafu?" Sikio aliuliza. Aliuliza kwa upole.

"Halafu utapona! Umesikia mwenyewe!"

"Halafu litakula nguzo, nayo sasa limeijulia. Juu kuna chumvi ya kujaza malori mia. Chini kuna watu."

"Sio ndugu zangu!" Kiraka alipaza sauti, na mumewe akajikunja kwa maumivu, naye akashusha sauti papo hapo, machozi yanamtiririka. "Sio ndugu zangu. Wewe ndiye mume wangu. Watu wanaangukiwa na vitu kila siku, dunia haijasimama. Mimi nina mmoja tu."

"Yule mama anayeshona magunia hunipa maji ya kunywa kila nikifika. Nimwangushie ghala kichwani?"

"Ndiyo," alisema Kiraka. "Mungu anisamehe. Ndiyo."

Sikio alimpangusa machozi kwa kidole gumba. Akamgeukia mganga. "Hiyo ya pili?"

"Ya pili, lipelekeni mahali ambapo hicho chuma chako ndicho cha mwisho. Pasiwe na msumari, pasiwe na sarafu. Likishakimaliza litatazama kushoto na kulia, litakosa pa kuhamia. Jini la aina hii likikosa chuma limekwisha. Mfupa utabaki mtupu, utatembelea magongo. Lakini utaishi."

Mahali pa namna hiyo, katika mji wa viwanda, utapapata wapi? Lakini nyuma ya kiwanda kulikuwa na mashamba ya chumvi, mabwawa mapana yaliyokaushwa na jua, meupe mpaka macho yanauma, hakuna nguzo, hakuna uzio, hakuna hata kijiti. Mnyapara akawaendea wapakiaji, akawaambia yote, bila kuficha kosa lake. Alitazamia watamfukuza. Mama wa magunia akafunga kanga yake kiunoni.

"Mnambeba kwa kitu gani?" aliuliza. "Machela yana vyuma."

"Jamvi."

"Basi tunashika pembe."

Walikusanyika asubuhi, jua limeshapanda, na mganga akawakagua mmoja mmoja kama askari wa getini. Mikanda ilivuliwa. Funguo, sarafu, simu, pete, viatu vyenye misumari, vyote vikalundikwa mbali. Mpakiaji mmoja alikuwa na jino la chuma, akarudishwa, akaenda huku ananung'unika kwamba sasa hata jino ni kosa, na watu wakacheka, Sikio akicheka kuliko wote. Mganga alipekua pindo la gauni lake mwenyewe, akatoa pini mbili alizokuwa amezisahau.

"Mshonaji naye," akasema. "Twendeni."

Wakambeba miguu peku juu ya chumvi. Ilikuwa inakwaruza nyayo, na mtu akikanyaga penye maji iliwasha. Walipofika katikati, ambapo kiwanda kilionekana kidogo kama kiberiti, wakamlaza. Wapakiaji wakarudi nyuma, wakasimama kwa mbali. Walibaki watu watatu: mganga, mnyapara na Kiraka, aliyeketi chini na kukipakata kichwa cha mume wake.

Hawakuhitaji kuweka sikio. Labda kwa sababu pale palikuwa kimya, hakuna mashine wala mdudu, au labda lilijua kwamba mahali pamebadilika, lakini utafunaji ulitoka waziwazi kwenye paja lile na kutandaa juu ya chumvi, kwanza taratibu kama lilivyozoea, halafu upesi, halafu kwa pupa, krkrkrkr, kama anayekula akiwa anatazama mlangoni, na Sikio aliuma kitambaa, mishipa ya shingo ikamsimama, doa la kahawia likatoka kwenye paja, likalowesha jamvi, likaingia kwenye chumvi nyeupe na kuenea, na Kiraka alikuwa akimwambia maneno ambayo hata yeye hakuyajua, maneno ya kumwambia mtoto, bado kidogo, baba, bado kidogo, na mnyapara amegeuka amepiga magoti akilia kama mtoto, na mganga amesimama wima akitazama kushoto na kulia kana kwamba analitafutia lile jini njia ili ahakikishe haipo, mpaka ghafla ikasikika sauti moja ndogo, tk, kama uzi uliokatwa.

Kimya.

Walisubiri. Upepo ulipita. Kwa mbali wapakiaji walikuwa wamesimama kama mstari wa vijiti.

Sikio akatema kitambaa. Akavuta pumzi, akaitoa. "Limenyamaza," alisema, na alisema kwa sauti yake kamili. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, ili ajaribu. "Limenyamaza!"

Mnyapara alimrukia, akamkumbatia kichwa na mabega, akicheka huku makamasi yanamtoka. "Shemeji! Shemeji yangu! Nitakubeba mgongoni maisha yako yote, wallahi, mpaka chooni nitakubeba!"

"Wewe? Utanibwaga njiani."

Kiraka alimtazama mganga, na mganga akaguna kwa kuridhika, akajifuta jasho kwa kiwiko. Wapakiaji kule mbali waliona kumbatio lile, vigelegele vikapanda.

"Nina kiu," alisema Sikio.

Mnyapara alifungua kibuyu cha maji. Kiraka akamwinua mumewe kichwa ili anywe, na alipokuwa ananywa akamwona midomo. Alidhani ni chumvi imemgandia. Akaifuta kwa kidole. Haikutoka. Ilikuwa ndiyo rangi ya midomo. Akageuza kiganja cha mumewe, nacho kilikuwa cheupe, mistari yote ya kiganja nyeupe, na kucha nyeupe.

Alikumbuka chumba cha kliniki, wakati ana mimba ya binti yao, muuguzi akimvuta kope la chini na kusema, mama, damu yako haina chuma cha kutosha, meza hivi vidonge. Alikuwa amevimeza miezi mitatu. Hakuwahi kufikiria tena maneno yale.

Akamvuta mumewe kope la chini. Ndani mlikuwa hamna wekundu hata chembe.

"Mama," alimwita mganga. "Damu. Damu nayo ina chuma."

Mganga alifungua mdomo. Alikuwa mshonaji, alijua sindano, alijua mikasi na misumari na nondo. Hili hakuwa amelijua, na Kiraka aliliona usoni mwake. Mganga alitazama kushoto, akatazama kulia, kwa mnyapara, kwa Kiraka, kwa wapakiaji wale waliokuwa wakija mbio wanacheka na kushangilia, zaidi ya watu ishirini.

"Warudishe," alimwambia mnyapara. "Warudishe! Hakuna kumgusa! Na wewe binti, mwache. Ondoka hapo. Sasa hivi."

Mnyapara alirudi nyuma hatua moja, kisha akageuka, akakimbia kuwaelekea wapakiaji huku amepanua mikono yote miwili, akipiga kelele wasimame. Mganga akamfuata, gauni amelishika mkononi.

Sikio alikuwa amekwisha kuelewa. Pumzi zake zilikuwa fupi. Alijaribu kuvuta mkono wake kutoka kwenye mkono wa mkewe, lakini hakuwa na nguvu.

"Niachie mkono, mke wangu."

"Siachi."

"Unajua kazi hii. Nondo zikigusana, linapita."

"Basi lipite," alisema Kiraka, na aliposikia mng'ato wa kwanza ndani ya kiganja chake, alimshika kwa mikono yote miwili.